Kabla Hujaomba Tenda ya Serikali, Kaa Chini Upige Hesabu

Mwenye duka wa Tanzania anayejiandaa kuiuzia serikali huanza na faili: TIN (namba ya mlipakodi), leseni ya biashara, cheti cha BRELA (wakala wa usajili wa biashara), cheti cha TRA (mamlaka ya mapato) cha kuonyesha hadaiwi kodi. Faili ni muhimu, sibishi. Lakini sijawahi kuona duka likifungwa kwa sababu ya faili. Niliyoyaona yakifungwa yalikuwa yameshinda tenda.

Basi tuanze na hela. Chukulia shule au ofisi ya wilaya inataka rimu 200 za karatasi. Wewe unazinunua kwa jumla 11,000 kila moja, umeandika bei ya 12,500. Mauzo ni 2,500,000, mzigo umekugharimu 2,200,000, na usoni unaona faida ya laki tatu. Sasa toa 80,000 ya gari na vibarua. Toa 50,000 ya kodi ya zuio, kwa kuwa serikali inapolipia bidhaa hukata asilimia 2 juu kwa juu. Hiyo utaihesabia kwenye kodi yako ya mapato ukiwa na cheti chake, kwa hiyo kidai, ila leo haimo mfukoni. Umebaki na 170,000. Kama mtaji uliukopa mtaani kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, kila mwezi unaosubiri malipo unakula 110,000. Miezi miwili ikipita hujalipwa, umeshaingia hasara, na karatasi zimeshachapishiwa mitihani.

Kwa hiyo swali la kwanza si kama unaweza kupata mzigo. Ni kama duka linaweza kukaa siku 90 bila hela ile na rafu zisibaki tupu. Kama haliwezi, omba kazi ndogo zaidi. Hakuna aibu kuanza na rimu 30.

Ukishajua ukubwa unaouweza, ndipo uingie NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao. Tangu Oktoba 1, 2023 taasisi za umma Tanzania Bara zilitakiwa kufanya ununuzi wao ndani ya mfumo huo. Bahasha ya kaki na sanduku la tenda pale masjala ni habari za zamani. NeST inasomana na BRELA, TRA na NIDA (wenye vitambulisho vya taifa), na hapo ndipo wengi hukwama: kitambulisho kina majina matatu, TIN ina mawili, leseni imeandikwa jina la duka ambalo halijasajiliwa. Sawazisha majina mapema, wiki ambayo hakuna tenda unayoifukuzia. Angalia pia tarehe za mwisho za leseni na cheti cha kodi. Mimi nilishakosa kazi ya viti kwa leseni iliyoisha Ijumaa, tenda ikafungwa Jumatatu.

Chagua kwa uangalifu aina za bidhaa unazojisajilia, maana ndizo zinazoamua tenda zipi utaletewa. Halafu usingoje matangazo tu. Kila taasisi huweka mpango wake wa ununuzi wa mwaka humo humo. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, kwa hiyo Julai na Agosti ni miezi ya kusoma: nani anataka nini, robo ipi, kwa njia gani.

Kama ni kijana, mwanamke, mzee au mtu mwenye ulemavu, kuna mlango wa pembeni ambao watu wengi hawaugongi. Sheria inazitaka taasisi zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao wa mwaka kwa makundi hayo, na ndani ya fungu hilo mnashindana wenyewe kwa wenyewe. Mnaingia kama kikundi kilichosajiliwa, na mtu wa kuanza naye ni afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri. Mkiwa kwake, muulizieni na ule mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu). Hauna riba. Rudi kwenye hesabu ya rimu 200 uone tofauti yake.

Anayekuambia ana mtu wake ndani na anataka chake kwanza, mwache aende. Bei yako haina nafasi ya mtu wa tatu.

Kwenye sifa za bidhaa soma polepole, neno kwa neno. Niliwahi kupeleka rimu za gramu 70 mahali palipoandikwa 80. Mtunza stoo hakugombana. Alichukua rimu moja katikati ya boksi, akaigeuza, akaweka kidole kwenye namba, akasema, "Kaka, hii siyo." Kamati ya mapokezi ikakataa kusaini, gari likageuza na mzigo wote, nauli juu yangu mara mbili.

Na usipeleke kitu kwa simu. "Lete tu, LPO inaandaliwa" ni sentensi iliyowaliza wengi. LPO ni oda rasmi ya maandishi kutoka kwa taasisi. Bila LPO huna deni la kudai, una urafiki tu. Ukishakuwa nayo, peleka mzigo na hati ya makabidhiano nakala mbili, hakikisha aliyepokea ameandika jina, cheo, tarehe na kugonga muhuri, kisha ankara ifuate siku hiyo hiyo. Risiti ya EFD (ile mashine ya risiti ya TRA) iwe na jina la taasisi kama lilivyo kwenye LPO, siyo "shule" peke yake.

Ukishindwa, usinune kimya kimya. Kabla ya mshindi kupewa tenda, mfumo hukutumia notisi ya kusudio la kumpa, yenye sababu za wewe kuachwa. Kama haziingii akilini, lalamika kwa maandishi kwa afisa masuuli, yaani mkuu wa taasisi inayonunua. Akikuangusha, ipo Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma. Siku za kulalamika ni chache mno, kwa hiyo simu yenye barua pepe ya NeST isiwe ile anayochezea mtoto.

Mizigo ya Mei na Juni mimi naipokea kwa kusitasita. Kila mtu anakimbizana na Juni 30, na ankara isiyolipwa hadi siku hiyo huwa inangoja bajeti mpya. Nikiikubali, huwa mzigo umefika ndani ya wiki, na Jumatatu inayofuata niko kwa mhasibu na nakala zangu mkononi.