Namna ya Kupunguza Uchovu wa Mama Mwenye Shughuli Nyingi

Mama anayelea watoto, anayehudumia nyumba na bado anataka kuutunza mwili wake kwa mazoezi, akilemewa, jambo la kwanza analolifanya ni kupanga ratiba upya. Ratiba hiyo mpya huwa na kila kilichokuwamo katika ile ya zamani, ila sasa anaamka saa kumi alfajiri. Kinachopunguza uchovu ni kutua baadhi ya mizigo, na nashauri uanze na usingizi, ufuatishe kazi za nyumbani, kisha mazoezi, kwa sababu anayeanza na mazoezi ilhali halali vya kutosha huyaacha baada ya muda mfupi na kujilaumu bure.

Kwa siku 7, andika katika daftari saa uliyolala, saa uliyoamka na mara ulizoamshwa. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi, na akina mama wengi hushangaa kuona walivyo mbali na kiwango hicho. Mara nyingi saa zinapotelea usiku, watoto wakishalala, kwa kuwa huo ndio muda pekee ambao mama anauona kuwa wake na hataki uishe. Simlaumu yeyote kwa hilo. Jaribu, hata hivyo, kuuleta muda huo mapema: nusu saa yako mwenyewe kabla ya kuosha vyombo, si baada yake. Kahawa na chai ya rangi ziishie mchana, maana saa 5 hivi baada ya kunywa, karibu nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini. Mwenye mtoto mchanga agawane usiku na mwenzake kwa zamu, ili kila mmoja apate angalau kipande kimoja cha usingizi usiokatizwa. Hata mama anayenyonyesha anaweza kuletewa mtoto kitandani, kisha mwingine akamcheulisha na kumbadilisha nepi.

Sasa tuje kwenye kazi za nyumbani, ambako naamini ndiko uchovu mwingi unakozaliwa. Saa nne usiku mama anakunja nguo. Mkononi ana soksi moja, anatafuta ya pili, lakini akili yake iko kwingine: sabuni iliyobaki inatosha kufulia mara moja tu, fomu ya shule inatakiwa kusainiwa kabla ya asubuhi, na hana hakika kama mdogo alipewa dawa yake ya kikohozi ya jioni. Anayemwambia, “Ukihitaji msaada niambie,” ana nia njema, ila amemwachia sehemu nzito zaidi ya kazi, yaani kukumbuka.

Kwa hiyo usiombe msaada. Kabidhi kazi nzima. Kukabidhi ufuaji maana yake ni kwamba mwingine ndiye atakayeona kapu limejaa, atakayejua sabuni inaisha, atakayefua, kuanika, kuanua, kukunja na kurudisha nguo kabatini. Orodhesha kila unachokifanya kwa wiki moja, pamoja na yale yasiyoonekana, kisha keti na wenzako wakati ambapo hakuna aliyekasirika, mkakubaliane kazi mbili za kuanzia na kiwango cha chini kinachokubalika. Hapo ndipo penye mtihani. Taulo zitakunjwa ovyo kwa majuma kadhaa, nawe utatamani kuzikunja upya. Usizikunje, kwani ukizigusa utakuwa umeirudisha kazi mikononi mwako. Mtoto wa miaka 3 anaweza kurudisha vya kuchezea mahali pake, na kijana anaweza kupika mlo mzima. Mama anayelea peke yake atumie orodha hiyo kufuta: nguo za kushindia nyumbani hazihitaji pasi, na mlo mmoja unaweza kupikwa mara mbili yake ili nusu iliwe kesho. Akimwomba ndugu au jirani, aombe jambo moja bayana, kwa mfano kumchukua mtoto shuleni kila Jumatano.

Kuhusu mazoezi, Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, pamoja na siku 2 au zaidi za kuimarisha misuli. Mwongozo wake wa mwaka 2020 uliondoa sharti la zamani la angalau dakika 10 mfululizo, hivyo dakika 6 za kutembea haraka unapotoka kumpeleka mtoto zinahesabika. Mwendo ni wa wastani iwapo unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Ukiwa umelala kwa muda wa saa 4 tu, tembea, usikimbie. Wala usijinyime chakula katika majuma unayoongeza mazoezi. Aliyejifungua asiharakishe kurudia kukimbia kabla ya wiki 12 hivi, na akivujwa na mkojo au akihisi uzito ukeni, amwone mtaalamu wa tiba ya viungo.

Uchovu usiopungua hata baada ya majuma kadhaa ya kulala vizuri unahitaji vipimo. Hedhi nzito huweza kuleta upungufu wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, himoglobini (kiini cha damu kinachobeba oksijeni) iliyo chini ya gramu 12 kwa desilita ni dalili yake. Omba pia kupimwa akiba ya madini ya chuma, ambayo huweza kushuka himoglobini ikiwa bado nzuri, na utendaji wa tezi ya shingo. Ukiona huzuni isiyoondoka, au kutofurahia hata watoto, sema waziwazi, kwa kuwa sonona nayo huja kwa sura ya uchovu. Na mawazo ya kujidhuru yapelekwe hospitali siku hiyohiyo. Unapokwenda, beba lile daftari la usingizi, ili daktari aone mwenyewe ni siku ngapi umelala vizuri na bado ukaamka umechoka.