Somo: Kuzunguka Kisiwa cha Taiwan kwa Metro, Treni na Basi

Somo hili linawahusu wanaokwenda Taiwan kwa masomo, kazi au matembezi na ambao hawatakuwa na gari. Ninaishi Tainan, kusini mwa kisiwa, na kwa kuwa mji huu hauna metro, nimelazimika kuyajua mabasi na reli ya kawaida kuliko wenzangu wa Taipei, ambao metro huwafikisha karibu kila wanakotaka kwenda. Kabla ya yote, elewa kwamba kadi moja itakufungulia takriban kila geti kisiwani, lakini nyuma ya mageti hayo kuna mifumo minne inayojitegemea: metro za miji, reli ya kawaida, reli ya mwendo kasi na mabasi. Makosa mengi ya wageni hutokea pale mtu anapodhani yumo katika mfumo mmoja kumbe ameingia mwingine.

Hatua ya 1: Kutoka uwanja wa ndege

Ndege nyingi za kimataifa hutua Taoyuan, magharibi ya Taipei. Chini ya majengo ya abiria kuna metro ya uwanja wa ndege, iliyofunguliwa mwaka 2017, ambayo kituo chake cha jengo la kwanza ni A12 na cha jengo la pili ni A13. Treni za alama ya zambarau husimama vituo vichache na hufika Taipei kwa dakika zisizopungua 35, ilhali za alama ya bluu husimama kila kituo. Nauli ni ileile, dola 150 za Taiwan, kwa hiyo hakuna sababu ya kupanda ya bluu isipokuwa kama unashuka njiani.

Anayekwenda Taichung, Tainan au Kaohsiung asiingie Taipei kabisa. Apande metro hiyohiyo kuelekea upande wa pili hadi kituo cha A18, ambako atakuta stesheni ya mwendo kasi ya Taoyuan. Mimi sikulijua hili siku niliyofika, na nililiburuta sanduku langu hadi Taipei, kisha nikapanda treni iliyonirudisha Taoyuan kabla ya kuendelea kusini.

Hatua ya 2: Kununua kadi

Kadi inayotumika zaidi inaitwa EasyCard. Ya pili, iliyoanzia Kaohsiung, ni iPASS. Kwa msafiri wa kawaida tofauti yake ni ndogo sana, nawe chukua utakayoikuta kwanza. Kadi ya kawaida huuzwa dola 100, ambazo hazirudishwi, katika vituo vya metro na katika maduka madogo ya saa 24 kama 7-Eleven na FamilyMart, ambayo yamejaa kila kona. Ukitaka kuongeza salio, mpe muuzaji kadi na noti; weka fedha taslimu mfukoni kwa kazi hiyo. Kadi hii hulipia metro, mabasi, treni za kawaida na hata maji ya kunywa dukani, lakini usiitegemee katika reli ya mwendo kasi, ambako utanunua tiketi yake.

Hatua ya 3: Metro

Hapa sitakaa sana, kwa sababu metro ya Taipei ni rahisi kuliko chochote utakachokutana nacho kisiwani: njia zina rangi, vituo vina namba, na matangazo hutolewa kwa lugha kadhaa, Kiingereza kikiwamo. Kaohsiung ina metro yake tangu mwaka 2008, na Taichung ina njia moja iliyofunguliwa mwaka 2021. Huduma ya Taipei huanza saa 12 asubuhi na kukoma karibu na saa 6 usiku. Sheria inayowaponza wageni ni ya chakula: ndani ya eneo la kulipia hairuhusiwi kula, kunywa wala kutafuna bazoka, na faini yake huanzia dola 1,500. Hata maji yanahesabiwa.

Hatua ya 4: Reli ya kawaida

Hapa ndipo somo lilipo. Reli hii, ambayo tangu Januari 2024 inaendeshwa na shirika linalomilikiwa na serikali badala ya idara, imezunguka kisiwa kizima, na upana wake ni milimita 1,067, sawasawa na TAZARA. Treni zake ni za madaraja. Treni ya kawaida husimama karibu kila stesheni na haina viti vilivyopangwa. Unagusisha kadi getini, unaingia, na ukikuta kiti unakaa. Treni ya haraka iitwayo Tze-Chiang ina viti vyenye namba, na ndani yake kuna aina mpya zaidi, zikiwamo Taroko, Puyuma na ile ya mfululizo wa 3000, ambazo kwazo nakushauri ununue tiketi mapema badala ya kutegemea kadi. Tiketi huanza kuuzwa siku 28 kabla ya safari, kwenye tovuti, kwenye programu ya simu na dirishani.

Geti halijui unakusudia kupanda treni ipi. Litafunguka, litakuonyesha salio lako kwa tarakimu kubwa, na wewe utajiona umemaliza, ilhali kwenye jukwaa hilohilo zitapita treni tatu zenye masharti tofauti. Ukiingia Tze-Chiang ya kawaida bila namba ya kiti, unaweza kukaa kwenye kiti kitupu, lakini mwenyewe akija na tiketi yake mkononi inuka bila maneno. Hakuna atakayekukasirikia, kwa kuwa hata wenyeji husafiri hivyo.

Tego jingine liko pwani ya magharibi. Baina ya Zhunan na Changhua reli hugawanyika katika njia mbili: njia ya mlima, inayopita Taichung, na njia ya bahari, isiyopita hapo. Mwezi wangu wa kwanza nilipanda treni Hsinchu nikikusudia Taichung, na kwa kuwa ilielekea kusini niliridhika. Baada ya muda nikaanza kuona mitambo mirefu ya upepo na bahari dirishani. Kondakta alipofika, alitoa kalamu akachora nyuma ya karatasi mistari miwili inayoachana kama ncha za uma kisha ikakutana tena, akaweka nukta kwenye mstari wa ndani na kusema «Taichung», halafu akaweka nukta kwenye mstari wa nje na kuninyooshea kidole. Nilishuka Changhua nikarudi kaskazini kwa njia ya mlima. Tangu siku hiyo, kwenye ubao wa safari natafuta herufi 山, ambayo ni mlima na kweli inafanana na vilele vitatu. Ikiandikwa 海, ambayo ni bahari, naiacha ipite.

Tukiwa kwenye herufi, zijue na nne zinazotenganisha miji ambayo kwa sikio letu hufanana: Taipei ni 台北, kaskazini, Tainan ni 台南, kusini, Taichung ni 台中, katikati, na Taitung ni 台東, mashariki. Herufi ya kwanza, yaani «Tai», huandikwa pia 臺, hasa kwenye mabango rasmi, kwa hiyo tazama ya pili.

Hatua ya 5: Reli ya mwendo kasi

Reli hii ilianza mwaka 2007, ina stesheni 12 kutoka Nangang, mashariki mwa Taipei, hadi Zuoying, iliyo Kaohsiung, na treni zake hufikia kilomita 300 kwa saa. Ipo upande wa magharibi tu. Anayekwenda Hualien au Taitung hana budi kutumia reli ya kawaida. Tiketi ya kawaida kutoka Taipei hadi Zuoying ni dola 1,490, na anayenunua mapema anaweza kupata punguzo la hadi asilimia 35, ingawa tiketi hizo huisha haraka. Kuna pia mabehewa ya viti visivyo na namba, ambayo kwa kawaida huwa mwishoni mwa treni, kuanzia behewa la 10. Ukitaka uhakika wa kukaa humo wakati wa msongamano, nenda ukapandie Nangang, treni inakoanzia, badala ya Taipei.

Angalizo kubwa ni kwamba stesheni nyingi za mwendo kasi ziko nje ya miji inayobeba majina yake. Stesheni ya Tainan imezungukwa na mashamba, na ili kufika mjini unavuka daraja la waenda kwa miguu hadi stesheni ya Shalun na kupanda treni ya kawaida kwa takriban dakika 25. Taichung unahamia Xinwuri, stesheni ya reli ya kawaida, na Zuoying unahamia metro ya Kaohsiung au reli ya kawaida. Muda huo uhesabu tangu unapopanga safari.

Hatua ya 6: Mabasi

Basi halisimami kwa sababu umesimama kituoni. Ni lazima unyooshe mkono, na usiku ni vizuri kuinua simu yenye mwanga ili dereva akuone. Gusisha kadi unapopanda na unapoteremka. Katika baadhi ya mabasi ya zamani utaona taa juu ya dereva yenye herufi 上 au 下, inayoeleza kama malipo ni ya kupanda au ya kuteremka: 上 mstari wake umelala chini na vijiti vimepanda juu, 下 mstari uko juu na vijiti vimeshuka. Ukisahau kugusisha unapoteremka, kadi inaweza kukataliwa katika basi linalofuata hadi suala litatuliwe. Bonyeza kengele mapema, kwa maana dereva asiyesikia kengele na asiyeona mtu kituoni hupita.

Kwa maeneo ya milimani, basi ndilo jibu. Ziwa la Sun Moon hufikiwa kwa basi la 6670 kutoka Taichung, na Alishan kwa la 7329 kutoka stesheni ya mwendo kasi ya Chiayi. Safari za Alishan ni chache kwa siku, basi piga picha ratiba ya kurudi kabla hujaondoka kituoni. Matangazo yanayobandikwa huko mara nyingi hutumia kalenda ya Taiwan, ambayo mwaka wake wa kwanza ni 1912. Ukiona mwaka 113, ni 2024.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Mombasa: Dada, shukrani kwa somo. Nimesikia wasafiri wa treni hula chakula cha boksi kinachosifiwa sana. Je, sisi Waislamu tutakula nini, na sala tutaipata wapi?

Jibu: Sheria ya kutokula ni ya metro peke yake, ndani ya treni za masafa unaruhusiwa kula, na boksi hizo ni sehemu ya safari kwa watu wa huku. Hata hivyo, boksi maarufu zaidi ni ya kipande cha nyama ya nguruwe juu ya wali, kwa hiyo usinunue kwa kutazama picha. Zipo zisizo na nyama. Tafuta herufi 素. Stesheni kuu ya Taipei ina chumba cha sala, na Msikiti Mkuu wa Taipei, uliojengwa mwaka 1960, uko umbali wa kutembea kutoka kituo cha metro cha Daan Park, njia nyekundu. Ukipita stesheni kuu siku ya Jumapili, utawakuta wafanyakazi wengi kutoka Indonesia wameketi katika ukumbi wake mkubwa, nao wanajua pa kula halali kuliko kitabu chochote.

Mwanachama wa Kigali: Nimepata nafasi ya kusoma Taoyuan, nami nitakuwa nakwenda Taipei karibu kila siku. Je, nauli hizi hazitanimaliza?

Jibu: Hapana, kaka. Tangu Julai 2023 kuna tiketi ya mwezi iitwayo TPASS, ambayo kwa eneo la Keelung, Taipei, New Taipei na Taoyuan ni dola 1,200 kwa siku 30. Inawekwa ndani ya kadi yako, na mgeni ananunua kama mwenyeji. Inalipia metro, ikiwamo ya uwanja wa ndege, mabasi ya miji na treni za kawaida zisizo na viti vya namba; mwendo kasi haumo. Fanya hesabu ya safari zako kwanza, kwani anayekwenda mara moja kwa wiki hapati faida.

Mwanachama wa Arusha: Je, nisipojua Kichina hata neno moja nitapotea?

Jibu: Ramani ya simu inatosha kwa mambo mengi, mradi una laini yenye data, ambayo huuzwa uwanja wa ndege. Kinachosumbua ni tahajia, maana mahali pamoja hupewa majina mawili: Tamsui kwenye ramani moja ni Danshui kwenye nyingine. Hifadhi jina la unakokwenda kwa herufi za Kichina umwonyeshe dereva.

Mwanachama wa Muscat: Natarajia kuja Agosti na kwenda Hualien. Kuna la kuzingatia?

Jibu: Mambo mawili, bwana. Kwanza, Agosti ni msimu wa tufani, na inapokaribia treni za mashariki husitishwa, wakati mwingine siku nzima. Serikali za miji hutangaza, aghalabu jioni ya siku iliyotangulia, kama kazi na shule zitafungwa. Ukisikia hivyo usiende stesheni kubahatisha. Pili, korongo la Taroko, lililo karibu na Hualien, liliharibiwa vibaya na tetemeko la ardhi la tarehe 3 Aprili 2024, kwa hiyo uliza njia zipi zimefunguliwa kabla ya kukata tiketi. Tiketi yenyewe kata siku ileile ya 28 inapoanza kuuzwa ikiwa unasafiri Ijumaa au Jumapili, na ukipewa nafasi ya kuchagua kiti, kutoka Taipei omba cha kushoto, kwa sababu baada ya treni kuingia Yilan bahari iko upande huo.