Daftari la madeni katika Prolog: moduli moja, faili moja

Depo ya unga pale Kadutu, Bukavu, hukopesha kutwa nzima, na deni halipaswi kufutika kwa sababu umeme umekatika. Katika Prolog, ambayo ni lugha ya programu, assert ya kawaida (amri ya kuongeza taarifa) huandika kwenye memori tu. SWI-Prolog, mojawapo ya matoleo ya Prolog, ina maktaba ya persistency, ambayo huandika kwenye faili pia, na hifadhi yake ni mali ya moduli moja tu (moduli ni kipande cha programu chenye jina lake). Sharti hilo ni zuri: linakulazimisha kuamua mapema nani anagusa daftari.

Andika madeni.pl:

```
:- module(madeni, [fungua/1, kopesha/2, lipa/2, anadaiwa/2]).
:- use_module(library(persistency)).
:- persistent muamala(mteja:atom, franka:integer, saa:float).

fungua(Faili) :- db_attach(Faili, [sync(flush)]).
kopesha(M, F) :- must_be(positive_integer, F), andika(M, F).
lipa(M, F) :- must_be(positive_integer, F), K is -F, andika(M, K).
andika(M, F) :- get_time(T), assert_muamala(M, F, T).
anadaiwa(M, J) :- aggregate_all(sum(F), muamala(M, F, _), J).
```

Tamko la persistent ndilo linalozaa assert_muamala ya kuongeza na retract_muamala ya kufuta. Usiziweke kwenye orodha ya mstari wa kwanza, ile ya amri zinazoonekana nje ya moduli. Anayetaka kweli bado anaweza kuita madeni:retract_muamala, kwa kuwa moduli za Prolog hazina kufuli. Basi mkubaliane kwamba hakuna anayefanya hivyo.

Jaribu:

```
?- fungua('madeni.db'), kopesha(mama_furaha, 45000).
```

Fungua faili uone: kuna mstari unaoanza na assert(muamala(mama_furaha,45000, kisha saa. Ukifungua tena kesho, mistari hiyo husomwa upya mmoja mmoja.

Usihifadhi jumla ya deni. Kubadilisha jumla ni retract kisha assert, yaani mistari miwili. Umeme ukikatika katikati, deni la zamani limeondoka na jipya halijaingia. Ukiongeza miamala tu, kilicho hatarini ni miamala ya mwisho peke yake.

Ukisahau fungua, anadaiwa itajibu 0 bila kulalamika, na mteja ataondoka akijua hana deni. Kwa hiyo iite mwanzoni kabisa mwa programu. Jina likiandikwa "mama furaha" ndani ya nukuu mbili kwenye kopesha au lipa, utapata kosa la aina, kwani hiyo si atomu (jina la Prolog kama mama_furaha).

Ile sync(flush) hukabidhi data kwa mfumo endeshi wa kompyuta, haihakikishi kwamba imefika kwenye diski. Kompyuta yenye betri nzima ni salama zaidi hapa. Mstari wa mwisho ukibaki nusu, nakili faili kwanza, kisha ufute mstari huo kwa mkono.