Kupika kambini na maskauti: subirini makaa kwanza

Msosi wa kambini mara nyingi hauharibiki kwa sababu ya mapishi, unaharibika kwa sababu ya haraka. Vijana wana njaa, wanawasha moto, ndimi zikipanda tu sufuria juu, matokeo yake chini kumeungua na katikati bado mbichi. Moto unaowaka ni wa kuchemsha maji. Vingine vyote pikeni kwenye makaa, kwa hiyo washeni mapema, kama dakika 45 hivi kabla ya kuanza kupika, na huo muda ndio wa kumenya na kukatakata.

Kupima joto ni rahisi: weka kiganja pale sufuria itakapokaa, usiguse kitu, alafu hesabu. Ukitoa mkono kwenye sekunde 2 au 3 makaa ni makali, 4 au 5 ni wastani, 6 mpaka 8 ni ya pole pole. Mawe ya mafiga msiokote mtoni, yanakuwa yamenyonya maji na yakishika moto yanaweza kupasuka. Na kabla ya kubandika pakeni sabuni nje ya sufuria, nje tu jamani sio ndani, masizi yatatoka kirahisi wakati wa kuosha.

Kwa wanaoanza kabisa mimi nawapa vifurushi vya foili, maana kila mtoto anajitengenezea chake na hakuna sufuria ya kusugua. Kifurushi kimoja ni nyama ya kusaga kama gramu 100, kiazi kimoja, nusu karoti, nusu kitunguu, chumvi, pilipili manga na mafuta kidogo. Siri iko kwenye kukata, viazi na karoti viwe vyembamba, nusu sentimita au chini ya hapo, vikiwa vinene nyama itaiva na viazi vitabaki vinagonga meno. Vitunguu tandaza chini kabisa kwa sababu vina maji na vinazuia vingine visishike, juu yake viazi na karoti, alafu nyama umeibonyeza iwe bapa. Foili iwe mara mbili, kunja kingo vizuri zisivuje ila acha nafasi kidogo ya mvuke. Upande upi wa foili ukae nje, unaong'aa au uliofifia, haileti tofauti. Weka juu ya makaa dakika 15, geuza, 15 nyingine, alafu fungua kimoja uhakikishe nyama haina wekundu ndani. Wakati wa kufungua uso uwe mbali, ule mvuke unaunguza vibaya na watoto huwa wanainama kunusa.

Mkate wa kijiti ndio wanaoupenda kuliko vyote. Changanyeni nyumbani kabisa unga wa ngano vikombe 2, bekin pauda vijiko vya chai 3 na chumvi nusu kijiko cha chai, mtie kwenye mfuko wa plastiki imara. Kambini ongeza mafuta vijiko 2 vya chakula na maji kidogo kidogo, robo tatu kikombe inatosha, mkande humo humo kwenye mfuko, hakuna bakuli linalochafuka. Unga ukiacha kunata vidoleni, usokote uwe kamba yenye unene wa kidole, izungushe kwenye kijiti kilichomenywa ganda na ubane ncha zote mbili. Kijiti kitoke kwenye mti mnaoujua, maana kuna miti kama oleanda ina sumu, kama hamna uhakika bebeni vijiti vya kutoka nyumbani. Shikilia juu ya makaa huku unazungusha bila kuchoka, dakika 10 mpaka 15, na utajua umeiva ukichomoka kwenye kijiti wenyewe, ukiwa unang'ang'ania bado mbichi. Lile tundu linalobaki jaza jamu au asali.

Siku ya mvua au mmechoka, wali na maharage ya kopo kwenye sufuria moja. Mchele kikombe kimoja maji viwili, vikombe 3 vya mchele vinatosha kikundi cha watu 6 mpaka 8. Kaanga kitunguu, tia maji na chumvi, yakichemka tia mchele, funika, punguza makaa na msifunue funue. Maji yakikauka mwaga maharage juu, funikeni tena dakika 5. Lakini hata mvua inyeshe vipi jiko la mkaa halingii kwenye hema, hewa yake ya sumu haina harufu na inaua.

Nyama igandishwe kabla ya safari na iliwe siku ya kwanza. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, jua likiwa kali saa 1 tu. Maji ya mto yachemke kweli kweli dakika 1, mkiwa juu ya mita 2,000 dakika 3.

Mkianza kula bandikeni maji ya kuoshea hapo hapo, mkimaliza yatakuwa ya moto. Beseni la kwanza sabuni, la pili kusuuza, la tatu maji yenye dawa ya kuua vijidudu, alafu vyombo vikauke vyenyewe hewani, kitambaa kimoja kikipita kwenye sahani zote kinasambaza uchafu tu. Na wakubwa tafadhali, msiwanyang'anye vijana mwiko, simameni karibu mwangalie moto na visu, mengine waachieni wafanye wao.