Somo: Kutengeneza kitabu cha marejeo cha dunia ya kubuni (mfano wetu Kusadikika)

Haya jamaa, somo nililowaahidi ndo hili, leteni na chai. Wengi mmeniuliza mtu anaanzia wapi, yani una dunia ya kubuni unaipenda, unataka ukusanye watu wake, miji yake na sheria zake uvipange ili mtu akitafuta kitu akione hapohapo bila kukisoma kitabu kizima upya. Mie natumia Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, kwa sababu wengi tuliisoma skuli, kitabu chenyewe chembamba, halafu ni nchi inayoelea angani, sasa fantasia gani tena mnataka.

Hatua ya kwanza, soma mara mbili. Mara ya mwanzo kwa raha zako tu, kalamu usishike. Mara ya pili ndo na daftari, kila jina likitokea liandike na pahala lilipotokea. Na hapa ndo nilipoungua mie. Niliandika namba za kurasa daftari zima, kama wiki mbili hivi kila baada ya alasiri nakaa barazani naandika, halafu mwenzangu wa Wete tuliekuwa tunafanya pamoja akanipigia, "yakhe, mbona ukurasa huu sioni kitu?" Kumbe nakala yake chapa nyengine, kurasa zote zimehama! Basi andika jina la sura, na ukurasa wa mbele wa daftari uandike nakala yako imechapwa mwaka gani na nani. Namba ya ukurasa weka ukitaka ila usiitegemee.

Hatua ya pili, kila mtu au kitu mpe karatasi yake. Ya kwangu moja iko hivi:

MAJIVUNO. Waziri. Ndie anaemshtaki Karama kwa kufundisha watu uanasheria. Maana ya jina: kiburi, kujiona. Umri: sijauona bado. Tazama pia: Karama.

Mnaona hapo kwenye umri? Nimeacha. Mie kichwani mwangu Majivuno ana kitambi na anapaka hina ndevu, wallahi namuona kabisa, lakini hayo ni yangu si ya kitabu. Ukiyatia humo mwezi ujao utasahau yepi umeyasoma na yepi umeyaota. Yako yaandike nyuma ya karatasi kwa wino mwengine. Na maana ya jina usiiruke, mzee Shaaban majina hakuyatupa hovyo, hata nchi yenyewe inatokana na kusadiki.

Hatua ya tatu kupanga kwa alfabeti. Hii fupi: panga kwa umoja kama kamusi zetu, wajumbe wakae kwenye M chini ya mjumbe, halafu kwenye W uandike "tazama mjumbe", basi.

Ya nne ndo tamu, ramani. Karama anajitetea kwa habari za wajumbe sita, na hao walitumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Haya, juu na chini utavichora vipi kwenye karatasi? Nilifuta mpaka karatasi ikatoboka. Mwisho nikachukua boksi la tambi, lina pande sita au sio, kila upande nikauandika uelekeo wake na jina la mjumbe wake na alichorudi nacho, Kusadikika yenyewe nikaining'iniza katikati kwa uzi. Mtu analigeuza mkononi anaelewa kabla hajasoma hata neno moja.

Ukishamaliza mpe mtu asiekisoma kitabu akutafutie vitu vitatu humo. Akikwama hapo ndo pa kurekebisha.

MASUALI

Suali (dada wa Jang'ombe): Kaka, mie nafanya dunia ya Tolkien, yule mwandishi wa Kiingereza wa hadithi za fantasia, kuna mambo yanapishana, niandike lipi?
Jibu: Yote dada, kila moja na toleo lake. Mfano mzuri ni kitabu chake The Hobbit, ilitoka 1937 na humo Gollum, kile kiumbe cha pangoni chenye pete ya ajabu, alikuwa tayari kuitoa pete iwe zawadi akishindwa vitendawili, toleo la 1951 mwandishi mwenyewe akabadilisha. Ukiandika moja tu, mwenye nakala nyengine atakwambia muongo. Na filamu zipe sehemu yake mbali.

Suali (kijana wa Chake): Mwisho wa kesi niutaje au nitawaharibia watu?
Jibu: Utaje, marejeo bila mwisho yana faida gani, ila uweke chini kabisa ya karatasi ya Karama na onyo juu yake. Wanafunzi wa skuli watakimbilia huko huko, tunajuana.

Suali: Naweza kunakili vipande vya kitabu nikauza?
Jibu: Hapana bwana. Eleza kwa maneno yako, nukuu sentensi moja moja pale inapolazimu, na kabla hujauza chochote watafute wenye haki za kitabu uombe ruhusa.

Suali: Picha ya hilo boksi tutaipata?
Jibu: Mdogo wangu kalifanya nyumba ya paka, upande wa kusini ushatobolewa mlango. Nikipata boksi jengine ntawapigia.