Pedi za breki zinaisha haraka? Angalia hivi kabla hujanunua nyengine

Yakhe, usikimbilie dukani Darajani kununua pedi mpya, kwanza vua tairi uzitizame zile za zamani maana zenyewe ndo zinasema. Pedi mpya huwa na kama milimita 10 hivi, ikifika 3 badilisha. Sasa linganisha: ya ndani imelika ya nje bado nzima, hapo mara nyingi pini za kalipa (kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, nacho huteleza juu ya pini hizo) zimeganda au pistoni inayosukuma pedi hairudi, na sie huku Unguja na chumvi hii ya bahari, na wengine wanaingiza gari mpaka mchangani Nungwi, kutu haiachi kitu. Zitoe pini, zisafishe, tia grisi ya breki (si ile ya beringi, inavimbisha mipira), na kama pistoni hairudi ukiisukuma fungua nati ya kutolea upepo iliyopo kwenye kalipa, ikirudi hapo basi angalia paipu ya mpira inayoleta mafuta ya breki, imeziba ndani. Tairi moja inachemka kuliko nyengine baada ya safari? Ndo hiyo hiyo inayokamata. Diski usiiguse, utaungua. Zikilika zote sawasawa, basi ni mguu wako unavyokanyaga breki au pedi feki.