Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kurekebisha Mvuto Hafifu wa Dohani ya Jiko la Kuni

Jiko la kuni lililopachikwa ndani ya meko ya ukutani halisukumi moshi. Kinachouvuta moshi ni dohani, na dohani nayo haina nguvu nyingine ila tofauti ya joto: hewa ya moto iliyomo ndani yake ni nyepesi kuliko hewa ya nje, kwa hiyo hupanda, na hewa ya chumbani huingia kupitia jiko kujaza nafasi iliyoachwa. Nguvu hiyo ni ndogo mno. Mvuto wa paskali 12, ambao majiko mengi huhitaji ili yawake vizuri, ni sawa na uzito wa maji yenye kina cha milimita moja na ushei. Kitu chenye nguvu ndogo kiasi hicho hushindwa kwa urahisi, na ndiyo maana ni busara kumtafuta kwanza anayekishinda kabla ya kununua feni ya dohani au kuagiza jiko jingine.

Kabla ya kushika chombo chochote, kumbuka moshi hutoka wakati gani. Ukitoka wakati wa kuwasha tu kisha mambo yakatulia, dohani ni ya baridi au nyumba inashindana nayo. Ukitoka kila mlango wa jiko unapofunguliwa, hata moto ukiwa umekolea, kuna kizuizi, au dohani ni fupi, au kipenyo chake hakilingani na jiko. Ukitoka siku za upepo pekee, tazama juu ya paa. Jiko lililovuta vizuri mwanzoni mwa msimu kisha likadhoofika wiki baada ya wiki karibu kila mara limezibwa na masizi.

Ukaguzi ufanyike jiko likiwa limepoa kabisa, yaani baada ya siku nzima bila moto, kwa sababu makaa hukaa hai ndani ya majivu kuliko watu wanavyodhani. Fungua kilango cha moshi, yaani kibamba kinachofungua na kuziba njia ya moshi, ingiza kioo kidogo na kurunzi, uangalie juu. Tabaka la masizi au kreosoti (mabaki ya moshi wa kuni yanayoganda dohanini) lenye unene wa milimita 3 linatosha kumwita fundi wa kusafisha, na kreosoti nyeusi inayong'aa kama lami haitoki kwa brashi ya kawaida. Hapa jambo si mvuto peke yake: kreosoti ikishika moto, joto ndani ya dohani linaweza kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi. Kiwango cha NFPA 211, cha shirika la Marekani la kinga dhidi ya moto, kinataka dohani ikaguliwe angalau mara moja kwa mwaka, na sioni sababu ya mtu yeyote kufanya pungufu ya hapo.

Sehemu mbili husahauliwa mno. Ya kwanza ni wavu wa kofia ya dohani, ambao uko mahali penye baridi kuliko pote na hivyo hukusanya kreosoti hadi matundu yake yanafumba, huku bomba lililo chini yake likiwa safi. Ya pili ni bamba linalolala juu ya chumba cha moto. Masizi yanayopanguswa kutoka juu huangukia mgongoni mwake na kubaki hapo, kwa hiyo jiko linaweza kuvuta vibaya zaidi siku iliyofuata usafishaji kuliko siku iliyoutangulia. Muulize fundi kama aliliondoa bamba hilo. Akisita kujibu, liondoe mwenyewe uangalie.

Kuni nazo zipimwe kabla ya dohani kulaumiwa. Pasua gogo moja na uchomeke kipima unyevu kwenye uso mpya wa ndani, si kwenye ganda wala kwenye ncha iliyokauka kwa jua. Kipimo kikizidi asilimia 20, sehemu kubwa ya joto itaishia kuchemsha maji, moshi utapanda ukiwa wa baridi, na masizi yataongezeka.

Jaribio linaloeleza mengi halihitaji moto. Jiko likiwa baridi, washa kijiti cha udi, fungua mlango wa jiko kidogo, na ushike kijiti kwenye ufa huo. Uzi wa moshi ukiinama kuelekea ndani, dohani inavuta. Ukikurudia usoni, hewa inashuka. Sasa washa feni ya jikoni na ya bafuni, na mashine ya kukaushia nguo kama ipo, kisha utazame tena. Dohani ya mita 5, ndani yake kukiwa na nyuzi 20 na nje nyuzi 15, huvuta kwa takriban paskali 1 tu, ilhali hewa yake ikifika wastani wa nyuzi 200 mvuto huo hupita paskali 20. Feni isiyoweza kulishinda jiko lililokolea hulishinda kirahisi wakati wa kuwasha. Ikiwa kufungua dirisha lililo karibu na jiko, upande upepo unakotoka, kunaugeuza uzi wa udi, basi nyumba ina njaa ya hewa, na tiba yake ni kuzima feni au kuliwekea jiko njia ya hewa kutoka nje. Madirisha ya ghorofani, kinyume chake, yafungwe, kwa kuwa hewa ya moto inayotokea huko huigeuza nyumba nzima kuwa dohani ya pili.

Suala la kipenyo ni zito na mara nyingi ndilo kiini. Dohani ya zamani ya matofali yenye tundu la sentimita 20 kwa 30 ina eneo la sentimita za mraba 600, ilhali mdomo wa jiko wenye kipenyo cha sentimita 15 una takriban 177. Jiko likisukumwa tu ndani ya meko bila bomba la kuliunganisha hadi juu, moshi hutawanyika katika uwazi huo, hupoa na kupoteza mwendo. Dawa yake ni bomba la chuma kisichoshika kutu, lenye kipenyo kilichoelekezwa na mtengenezaji, likitoka kwenye mdomo wa jiko hadi kwenye kofia. Bomba hilo livalishwe kihami joto hasa pale dohani inapopita kwenye ukuta wa nje, na uwazi unaolizunguka chini uzibwe kwa bamba la chuma. Hii ni kazi ya fundi mwenye sifa, na kibali cha ujenzi kinaweza kuhitajika.

Urefu nao upimwe. Watengenezaji wengi hutaka mita 4 hadi 5 kutoka kwenye jiko, na kanuni inayotumika sana ni kwamba dohani ipite paa kwa sentimita 90 pale inapotokeza, na ipite kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3.

Kabla ya moto wa majaribio, hakikisha king'ora cha kaboni monoksaidi kinafanya kazi, kwani hewa hiyo haina rangi wala harufu. Anza kwa kuchoma karatasi moja iliyokunjwa karibu na mdomo wa moshi ili kuipasha dohani, kisha panga vijiti vyembamba na uviwashe kutoka juu. Unapotaka kuongeza kuni, fungua kwanza kilango cha moshi, achia mlango upenyo wa vidole viwili kwa nusu dakika, ndipo uufungue wote.